Kupatana Kusingoje Mwaka

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, sisi wa Chemchem twajua kuwa mji wetu wa Tabora ulikuzwa na misafara ya karne ya 19, iliyowaleta huku watu wengi wa pwani. Huko pwani iko desturi ya kale ya Siku ya Mwaka, iitwayo pia Nairuzi. Jina hilo limetoka kwa Waajemi, na maana yake ni siku mpya. Waajemi huiadhimisha mwezi wa Machi, usiku na mchana vinapolingana. Husafisha nyumba, huvaa nguo mpya, na wadogo huenda kuwaamkia wakubwa wao. Kule Makunduchi, Unguja, siku hiyo huangukia mwezi wa Julai. Wanaume hupigana kwa mashina ya migomba, kisha chuki za mwaka mzima huhesabiwa kuwa zimekwisha, na watu wakala pamoja.

Je, sisi tuseme nini? Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za michezo, akawajulisha kuwa Mwenyezi Mungu amewabadilishia kwa mbili zilizo bora: Idi ya Fitri na Idi ya Adh-ha. Basi Nairuzi si ibada kwetu, na lolote la kuomba heri kwa mizimu hatuna budi kuliacha. Lakini kuwazuru wazazi, kumkirimu mgeni na kuwapatanisha waliogombana ni mambo ambayo dini yetu yatuamrisha siku zote.

Tena tuzingatie jambo hili. Mwenye kungoja Siku ya Mwaka hungoja siku 365. Mtume wetu ametukataza kumhama ndugu Muislamu zaidi ya siku tatu, akatufunza kuwa mbora wa wawili ni yule aanzaye kutoa salamu. Nasi wangapi tunaswali safu moja na ndugu wa tumbo moja tusiyesema naye, kwa sababu ya nyumba ya urithi au mpaka wa shamba? Watoto wetu hutuona, nao hujifunza kutomwamkia ami yao.

Basi tutokapo msikitini leo, tusingoje Idi wala mwaka mpya. Tupite kwanza mlangoni kwake, tubishe hodi, tutoe salamu. Haki ya urithi itazungumzwa baadaye, kwa sharia na kwa upole.

Ewe Mola wetu, ziunganishe nyoyo zetu. Amin.