MAANA NA MATUMIZI YA NENO "FURAHA"



Leo napenda kusema nanyi juu ya neno moja ambalo kila mtu hulitumia, lakini si kila mtu hulipima kabla ya kulitamka. Neno lenyewe ni furaha.

Asili yake ni Kiarabu, nalo halibadiliki kwa wingi: furaha yangu, furaha nyingi. Kitendo chake ni kufurahi, na kutoka hapo twapata kufurahia jambo, kumfurahisha mtu, na kufurahiana. Mwenye kufurahi sasa hivi husema "nimefurahi", maana jambo limekwisha kumwingia moyoni. Husema pia "nina furaha", nayo ni maneno mawili. Wengi huyaunganisha kama neno moja, na hilo ni kosa.

Neno hili lina jirani zake, wala haifai kuwachanganya. Raha ni utulivu wa mwili na nafsi. Mkulima aliyeweka jembe chini akaketi kivulini apata raha, hata kama hana jambo la kufurahia. Bibi aliyetembea usiku kucha kwenda kumtazama mjukuu aliyezaliwa ana furaha kubwa, lakini raha hana. Heri ni baraka na usalama. Ndiyo sababu twaagana "kwa heri", wala hatusemi "kwa furaha". Faraja ni kupunguziwa uchungu. Wahenga walisema, "Baada ya dhiki faraja". Aliyefiwa humwombea faraja, kwani furaha ingali mbali naye.

Pengine mtauliza, kupambanua haya kuna faida gani? Fikirini barua za ofisi. Katika Kiingereza ni desturi ya adabu mwandishi kusema kwamba afurahi kutoa habari. Karani akifasiri neno kwa neno, mzee husomewa karatasi isemayo: "Tuna furaha kukuarifu kwamba barabara mpya itapita katika shamba lako." Mzee haoni adabu humo. Aona watu wanaoshangilia hasara yake. Na hata akiahidiwa fidia ya haki, masikio yake yamekwisha kuziba. Ingalitosha kuandika "Twakuarifu", kisha kumpa pole na kumweleza haki yake waziwazi. Habari ni ile ile, lakini mlango wa maneno haukufungwa.

Basi nawasihi walimu, makarani na wote washikao kalamu: kabla ya kuandika "furaha", jiulizeni ni nani afurahiye, na kwa sababu gani. Ikiwa msomaji hawezi kufurahi pamoja nanyi, tafuteni neno jingine. Lugha yetu haina uhaba wa maneno.