Mwanafunzi wa Chuo cha Ufundi Anakula Wapi?

(Maongezi kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, sehemu za Thika na Ruiru)

Tuliombwa tuzungumze juu ya karo ya vyuo vya ufundi. Lakini tulipotembelea chuo kimoja kilicho kati ya Thika na Ruiru, tuliona afadhali tuzungumze juu ya chakula cha mchana.

Tulifika saa tano asubuhi. Kwa ushonaji cherehani zilikuwa zinalia, na kule kwa useremala vijana walikuwa wanapiga randa hadi jasho linatoka. Tulifurahi sana. Saa saba kengele ikapigwa. Wachache walitoka nje ya geti wakanunua chapati na maharagwe kibandani. Wengine walienda kwenye mfereji, wakanywa maji, wakaketi chini ya mti. Tulidhani wanapumzika tu. Saa nane tuliporudi karakana ya useremala, nusu ya meza hazikuwa na mtu. Tukauliza, hawa wengine wako wapi? Mwalimu akatujibu wazi: "Wameenda kutafuta kibarua. Randa haishikiki na njaa."

Si tulikuwa tunawaita watoro? Hata sisi tumewahi kusimama mbele ya mikutano tukisema vijana wa siku hizi hawataki kazi ya mikono. Siku hiyo tulinyamaza.

Tuliketi na baadhi yao. Wengi wanatoka mbali na wanapanga vyumba. Mnajua wenyewe jinsi mambo yalivyo huku tangu barabara kuu ya Thika ikamilike mwaka 2012. Anayefanya kazi Nairobi anaweza kulala Ruiru au Juja, na mashamba mengi yamegeuka kuwa ploti. Mwenye ploti anapata, na hatumwonei wivu, wengine wetu hapa ni wenye ploti. Lakini mwanafunzi wa ufundi anashindania chumba na mtu wa mshahara. Tulikuta vijana wanne katika chumba kimoja cha mabati, magodoro mawili, stovu moja, na mafuta ya taa yameisha.

Msichana mmoja anayesomea kuchomelea vyuma alituambia kwamba kila Jumatatu yeye hakosi kukosa darasa, maana ndiyo siku anayofulia watu nguo. Muhula uliopita kodi ilimshinda. Mwenye nyumba akamwambia kuna njia nyingine ya kulipa. Akabeba begi lake usiku ule ule, akalala kwa rafiki, na kwa wiki moja hakuonekana chuoni. Mwalimu aliandika tu kwamba hakuwepo. Jameni, huyo angekuwa binti yako?

Sasa wazee waliopo hapa watukumbushe vyuo hivi vilianzaje. Mwaka 1966 baraza la makanisa la Kenya, NCCK, lilitoa ripoti iliyouliza: baada ya shule, nini? Watoto wengi walikuwa wanamaliza shule ya msingi na nafasi za sekondari ni chache. Jibu likawa politekniki za kijiji. Chuo kiwe cha gharama ndogo, kiwe karibu na nyumbani, na kifundishe kazi ambayo watu wa pale wanaihitaji. Serikali ilikuja kusaidia baadaye, lakini mwanzo ulikuwa wa makanisa na kamati za wenyeji, kwa harambee.

Angalieni hapo neno "karibu na nyumbani". Mpango wote ulisimama juu ya jambo hilo, na hakuna aliyeona haja ya kulieleza. Mwanafunzi alilala kwao na ugali alikula kwa mama yake, kwa hivyo chuo hakikuhitaji jiko. Leo kijana anatoka sehemu za mbali na jiko bado halipo. Halafu Katiba ya 2010 ikaweka politekniki za kijiji mikononi mwa kaunti, nasi tukapangusa mikono tukasema, hiyo sasa ni mali ya kaunti. Kaunti inaajiri mwalimu. Haipiki githeri.

Tunasema kidogo juu ya Juja, kwa sababu kuna mtu atauliza. Mzee Kenyatta alitoa hekta 200 mwaka 1977, na wanafunzi wa kwanza wakaingia Mei 1981. Wakati huo kilikuwa chuo cha kilimo na teknolojia cha ngazi ya kati. Mwaka 1994 kikawa chuo kikuu kamili, JKUAT. Tunajivunia. Lakini kijana wa gredi ya D hawezi kuanzia huko, na ngazi ikipanda juu bila vidato vya chini, yeye atakanyaga wapi? Atakanyaga hapa kwenye chuo chetu cha mabati.

Basi tufanye nini? Kuna kikundi cha akina mama upande wa Thika kilichojaribu, na kwanza kilianguka. Walipika na kuuza kwa mkopo, vijana wakala, deni likapanda, na mtaji ukaisha kabla ya muhula kwisha. Akina mama waligombana, wawili wakatoka. Hatuwafichi hayo.

Walipoanza tena waligeuza mpango. Hawakutoa pesa. Kila mwanachama huleta gorogoro mbili za mahindi na moja ya maharagwe kwa mwezi. Pigeni hesabu: wanachama 20 ni gorogoro 40 za mahindi, kama kilo 80, na kilo 40 za maharagwe. Ukipika kilo 4 za mahindi na 2 za maharagwe kwa siku, unalisha vijana 40 kwa siku 20 za masomo. Jiko lilitengenezwa na wanafunzi wa vyuma, na moto ni wa vipande vya mbao vinavyobaki kwa maseremala. Anayeweza kulipa hulipa kidogo, asiyeweza huosha sufuria na kuchota maji kwa zamu, na jina lake halisomwi mbele ya wenzake. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko mnavyofikiri.

Mwanachama mmoja alituuliza mbona tulishe watu wazima. Mama, wewe ulinunua geti lako wapi? Mjini, kwa bei ya mjini. Chuo kinaweza kukutengenezea hilo geti, ukalipa sehemu kwa mahindi. Viti vya kanisa pia, na yunifomu za shule.

Kuhusu vyumba, tunaomba wenye ploti watatu au wanne tu, wanaojulikana na kanisa, watenge chumba kimoja kimoja cha wasichana, kodi ilipwe mwisho wa muhula.

Tumepatana na chuo tukutane huko Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi. Kila kikundi kilete wajumbe wawili na kitabu chake cha hesabu. Na mwenye sufuria kubwa ya harusi ambayo haitumiki, tafadhali aje nayo.