Shahada ya Vinasaba katika Kuutambua Mzizi wa Dawa



Mzizi wa dawa ukiisha kuchimbwa, ukaanikwa na kusagwa, hupotewa na alama zote ambazo kwazo mjuzi wa miti huutambua, na mnunuzi hana budi kusadiki kauli ya muuzaji, ambaye naye aghalabu amesadiki kauli ya mchimbaji. Huko Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake zaidi ya 100 waliotumia dawa ya kupunguza unene waliharibika mafigo, kwa kuwa mahali pa mzizi wa Stephania tetrandra uliingia wa Aristolochia fangchi.

Nasi tuna sababu ya kuhadhari. Mwaka 2011, halaiki ya watu ilipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga, ambao ni Carissa ya wataalamu, ni wachache waliokumbuka kuwa mti huo una jamaa yake, Acokanthera, utoao sumu ya mishale iwezayo kuusimamisha moyo. Majani yao hukaribiana, na maua ya yote miwili ni meupe yenye kunukia; tafauti iliyo dhahiri ni miiba, ambayo mugariga unayo na mwenzake hauna. Sisemi kuwa Samunge palitokea kosa. Nasema kuwa unga wa mzizi hauna mwiba.

Vinasaba havihitaji mwiba. Kipande kidogo husagwa, vinasaba vikatengwa, sehemu maalumu zikazidishwa mashineni hata zikasomeka herufi kwa herufi, kisha zikalinganishwa na za mimea iliyokwisha kuthibitishwa. Mwaka 2009 wataalamu waliafikiana juu ya sehemu mbili, rbcL na matK, na mwaka uliofuata watafiti wa China wakapendekeza ITS2, ambayo kwa ufupi wake hufaa zaidi pale vinasaba vilipokwisha katikakatika kwa moto na kukaa. Lakini dawa iliyochemshwa sana yaweza isitoe jawabu lolote, na kimya hicho si ithibati ya udanganyifu. Wala vinasaba havielezi nguvu ya dawa, kazi ambayo ni ya kemia.

Fauka ya hayo, ni muhali kulinganisha pasipo cha kulinganishwa nacho. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba fedha zetu za kwanza zisiende kwenye mashine, madhali sampuli zaweza kusomwa penginepo, bali ziwapeleke vijana wetu porini pamoja na waganga wazee wangali hai: tawi lenye ua likatwe, likabanwe baina ya magazeti, jani moja litiwe katika punje za silika likauke upesi, na kielelezo kihifadhiwe katika hebaria ya Nairobi au ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na katika karatasi yake, chini ya jina la Kilatini, liandikwe jina la mti kwa lugha ya mahali ulipotoka, na, akiridhia, jina la mganga aliyeuonyesha.