Begi la Mgongoni kwa Siku ya Michezo ya Maji



Mnapowapeleka watoto Kunduchi Wet 'n' Wild, maandalizi huanzia nyumbani. Kabla ya kulipa kiingilio, ulizeni iwapo chakula cha kutoka nje kinaruhusiwa. La sivyo, wali uliopikwa alfajiri huko Mbagala waweza kuishia getini. Begi libebe taulo, nguo za kubadili na mafuta ya kukinga jua ambayo muda wake haujapita. Dawa ya mtoto mwenye pumu ikae mkononi mwa mtu mzima, isifungiwe kabatini. Nguo zilizolowa zikamuliwe na kufungwa kwa khanga, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Risiti itunzwe, pasipo risiti, madai hukosa ushahidi.