Kijana Wetu ni Beki: Yuko Tayari kwa Timu ya Wakubwa?

Mazungumzo haya yalitolewa na kocha wa kujitolea kwa wazazi na vijana kwenye mkutano wetu wa familia nchini Uingereza. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Naona wengine bado mmevaa sare za kazini.

Nimeombwa nijibu swali ambalo limeulizwa na familia zaidi ya moja hapa: "Kijana wetu ni beki. Ana miaka 17, ana nguvu, ana mbio, kila mtu anamsifu. Kwa nini hapandishwi timu ya wakubwa?" Nyuma ya swali hilo lipo lingine, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: "Au ni kwa sababu sisi ni wageni?" Nitayajibu yote mawili.

Kwanza tukubaliane kwamba beki si mshambuliaji. Mshambuliaji akikosa mara tatu akafunga mara moja, anabebwa mabegani. Beki akicheza vizuri dakika 89 kisha akakosea dakika moja, timu imefungwa na watu wanaikumbuka dakika ile. Ndiyo maana kocha anaweza kumjaribu mshambuliaji wa miaka 17 kwa dakika kumi za mwisho bila hofu kubwa, lakini akamngojesha beki wa umri huohuo. Mara nyingi maana yake si kwamba hamtaki. Nafasi ile haina mahali pa kujificha.

Niwape mfano wa mtu mnayemjua, au ambaye watoto wenu wanamjua. Axel Tuanzebe alizaliwa Bunia, kule Ituri, mwaka 1997. Alikuja Uingereza akiwa mtoto mdogo, akakulia Rochdale, karibu na Manchester. Akiwa na miaka 8 alijiunga na chuo cha vijana cha Manchester United. Mechi yake ya kwanza katika timu ya wakubwa aliicheza Januari 2017, dhidi ya Wigan katika Kombe la FA, akiingia kutoka benchi. Alikuwa na miaka 19. Hesabuni wenyewe: ni miaka 11 ya mazoezi, kwa mtoto ambaye tayari alionekana ana kipaji.

Na hata hapo hakuwa amefika. Januari 2018 alipelekwa kwa mkopo Aston Villa, iliyokuwa daraja la pili wakati huo, na msimu uliofuata akarudi hukohuko. Mei 2019 alianza katika mechi ya Wembley ambayo Villa iliifunga Derby County 2-1 na kupanda Ligi Kuu. Septemba mwaka huohuo aliivaa Manchester United kitambaa cha unahodha katika Kombe la Ligi, na mpinzani alikuwa Rochdale, timu ya mji aliokulia. Kisha majeraha yakamweka nje muda mrefu. Oktoba 2020, akiwa hajacheza kwa karibu miezi 10, alipangwa Paris dhidi ya PSG yenye Neymar na Mbappé. United ilishinda 2-1, naye alisifiwa sana kwa jinsi alivyomkabili Mbappé.

Watu waliomwona usiku ule walisema, "Huyu yuko tayari." Sawa, lakini utayari ule haukupatikana usiku ule. Ulijengwa kwenye mkopo, kwenye benchi na kwenye chumba cha matibabu, mahali ambapo hakuna kamera.

Najua mtanijibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Ni kweli, ikiwa unangoja bila kujua unangoja nini. Basi niwaambie kocha anatazama nini kwa beki kijana, ili mjue.

Jambo la kwanza ni macho. Tazama kichwa cha mwanao wakati mpira uko upande wa pili wa uwanja. Je, anageuka kuangalia nyuma yake? Beki lazima ajue vitu vitatu kwa wakati mmoja: mpira uko wapi, mtu wake yuko wapi, na goli lake liko wapi. Katika timu ya vijana, mwenye mbio akisahau mtu wake anamkimbilia na kumfikia. Kwa wakubwa hamfikii. Mshambuliaji mwenye miaka 30 huenda hana mbio tena, lakini anangoja sekunde ile beki anapoangalia mpira, naye anapotea nyuma ya mgongo wake. Beki mzuri huonekana kama hana kazi, kwa sababu ameshasimama mahali panapotakiwa kabla hatari haijafika.

La pili ni mdomo. Hili linawagusa sana watoto wetu. Sisi tumewalea wasiwapandishie wakubwa sauti, na ni malezi mema. Lakini uwanjani, beki wa miaka 18 anatakiwa kumpigia kelele mtu wa miaka 32: sogea, rudi, mtu nyuma yako! Kijana akinyamaza kwa adabu, timu inafungwa kwa adabu. Mweleze mwanao kwamba ndani ya mistari ile kupiga kelele ni kumsaidia mkubwa wako, na kwamba mechi ikiisha atarudi kumheshimu kama kawaida. Na kama Kiingereza bado kinamsumbua, si lazima ajue sarufi. Maneno kumi ya uwanjani, yakisemwa kwa sauti na kwa wakati wake, yanatosha kuanzia.

La tatu ni dakika inayofuata kosa. Kila beki hufungisha. Kocha hatazami goli lile tu. Anatazama dakika mbili baadaye. Je, kijana anaomba tena mpira, au anajificha? Anaendelea kuwapanga wenzake, au ameinamisha kichwa? Anamlaumu kipa? Kwa macho yangu, hapa ndipo wengi wanapopimwa na ndipo wengi wanapokwama.

La nne ni mwili. Kijana anayerefuka haraka huumwa magoti na visigino, na mwili wake mpya bado haujui kujiongoza. Huenda kwa miezi kadhaa akaonekana amerudi nyuma. Usimwambie amekuwa mvivu. Akisema anaumwa, mwamini, na mwambie asimfiche kocha. Maumivu yaliyofichwa kwa wiki mbili yanaweza kugharimu msimu mzima.

Sasa swali lile la sauti ya chini, kama ni kwa sababu sisi ni wageni. Sitawaambia kwamba ubaguzi haupo. Huyohuyo Tuanzebe, Januari 2021, baada ya timu yake kufungwa na Sheffield United, alitukanwa mtandaoni kwa sababu ya rangi yake. Kwa hiyo kumwandaa kijana ni pamoja na kumwambia mapema kwamba siku kama hiyo inaweza kuja, na kwamba haimaanishi kosa ni lake.

Lakini msikae na shaka moyoni. Ulizeni. Omba kukutana na kocha, siyo pembeni ya uwanja baada ya mechi watu wakiwa na hasira, bali siku ya mazoezi na kwa miadi. Muulize maswali matatu. Kijana wangu anakosa nini? Utajuaje kwamba amekipata? Tuzungumze tena lini? Kama Kiingereza ni tatizo, nenda na mtu mzima wa kukutafsiria. Usimfanye kijana mwenyewe awe mkalimani wa mambo yanayomhusu. Kocha akikujibu kwa mambo ya mpira, kama haya niliyoyataja, fanyieni kazi. Akikosa jibu, au ukiona mwanao anatendewa tofauti na wenzake, kila klabu ya vijana iliyo chini ya chama cha soka inatakiwa kuwa na afisa wa ulinzi wa watoto. Uliza jina lake, mpelekee. Hiyo ni haki yako, na haimharibii mtoto nafasi.

Tuje kwenye karatasi, maana zimeshaumiza familia. Mtoto wa miaka 10 au zaidi ambaye hakuzaliwa hapa huenda akahitaji kibali kinachopitia chama cha soka cha Uingereza na FIFA kabla klabu haijamsajili. FIFA kwa kawaida inazuia uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, lakini imeweka milango maalumu, na mmojawapo ni wa watoto waliokimbia nchi zao. Kwa hiyo tunza hati zenu vizuri, na klabu ikichelewa kumsajili, jua kwamba kucheleweshwa si kukataliwa.

Wengi wetu tuliandikishwa tukapewa tarehe ya kuzaliwa ya Januari 1. Vijana hapa hupangwa kwa rika kuanzia Septemba hadi Agosti, hivyo tarehe inaweza kumweka mtoto kwenye rika lisilo lake. Kama tarehe ina kosa la kweli, waone wafanyakazi wa ofisi hii wawaelekeze kwa mshauri wa sheria. Msibadilishe umri kwa ajili ya mpira. Unaweza kuharibu mambo makubwa kuliko mpira.

Na mawakala. Atakuja mtu, au ujumbe kwenye simu: "Nimemwona mwanao, nina klabu, lipa kiasi hiki nimpeleke majaribio." Usilipe. Klabu inayomtaka mchezaji haimuuzii mzazi nafasi ya majaribio. Wakala halali ana leseni ya FIFA, na jina lake unaweza kulitafuta kwenye orodha ya FIFA. Kumwakilisha mtoto kunahitaji kibali cha ziada, na mzazi au mlezi lazima akubali na kutia sahihi. Usimpe mtu pasipoti wala hati ya kusafiria ya mtoto. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa, hata aliyeileta akiwa ni mtu wa kwetu anayezungumza lugha yetu.

Nimeacha la mwisho kwa sababu ndilo zito kwangu. Wazazi wangu, tunajua maisha yetu. Kuna kodi ya nyumba hapa, na kuna simu inayolia kutoka Goma, kutoka Uvira, kutoka Nyarugusu, mtu akiomba ada ya shule au dawa. Halafu ndani ya nyumba kuna kijana anayecheza mpira vizuri. Ni rahisi kusema mbele yake, "Huyu ndiye atakayetutoa." Tunasema kwa upendo, hata kwa mzaha. Lakini yeye analisikia kama deni. Anaingia uwanjani akiwa amebeba kodi, ada na dawa, na beki aliyebeba mzigo huo hathubutu kukosea. Asiyethubutu kukosea hajifunzi. Anapiga mpira nje kila unapomfikia, akikosea anazama, na akiumia anaficha.

Tena, walio wengi wanaoingia vyuo vya soka hawafiki timu ya wakubwa. Hata wanaopata mkataba wa mafunzo wakiwa na miaka 16 wengi wao huachwa. Kijana aliyeambiwa kwamba yeye ni tegemeo la ukoo, siku akiachwa haoni kwamba amepoteza klabu; anaona amepoteza thamani yake nyumbani. Usikubali mwanao afike hapo. Hapa Uingereza kijana anatakiwa kuendelea na elimu au mafunzo hadi miaka 18, na mkataba wa mafunzo wa klabu nao una masomo ndani yake. Mfuatilie masomo hayo kama unavyofuatilia mechi. Na anaporudi kutoka uwanjani, kabla ya kumuuliza kama amecheza, muulize kama amekula.

Mkienda kumtazama, msimpigie kelele za "piga mbele!" kwa Kiswahili wala kwa Lingala. Ana kocha mmoja tayari. Mshangilie, nyamaza, mshangilie tena.

Nanyi vijana kule nyuma, msidhani nimewasahau. Wewe beki, usingoje kuitwa ndipo ujiandae. Alphonso Davies alizaliwa kambi ya wakimbizi ya Buduburam, Ghana, kwa wazazi kutoka Liberia, akahamia Kanada akiwa na miaka 5. Alikuwa winga. Mwaka 2019 mabeki wa Bayern Munich walipoumia, akawekwa beki wa kushoto, na Agosti 2020 akawa bingwa wa Ulaya. Hakupanga wenzake waumie wala hakuomba nafasi ile. Mlango ulipofunguka, alikuta miguu yake na akili yake viko tayari kujifunza.

Basi wiki hii fanya mambo mawili. Katika mechi yako ijayo, geuza kichwa kuangalia nyuma kabla mpira haujakufikia, kila mara, hadi iwe mazoea. Na ukikosea, neno lako la kwanza liwe la kumpanga mwenzako, lisiwe la kujitetea. Ukifanya hivyo msimu mzima, hutahitaji baba yako aulize kama uko tayari. Kocha ataona.

Mwenye barua ya klabu au mkataba ambao hauelewi, aje nao ofisini kabla ya kutia sahihi. Tutausoma pamoja.