Hotuba juu ya Mafundisho ya Hisabati katika Sekondari ya Juu

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu wa Kibera na Kawangware, na wanachama wenzangu,

Nimetakiwa niseme machache juu ya hisabati wanayofundishwa vijana wetu. Mimi ni karani, si mwalimu. Kwa hiyo nikikosea, nisahihisheni.

Mwezi wa Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10. Hapo pana njia tatu: ya sayansi, ya elimu ya jamii, na ya sanaa na michezo. Hisabati ni lazima kwa wote, ila ile ya njia ya sayansi ina kina zaidi. Kijana aiachaye njia hiyo kwa kupenda nyingine hana lawama. Aiachaye kwa hofu amejifungia mlango wa uhandisi kabla ya kupiga hodi.

Makusudi ya somo hili si kukariri kanuni, bali kumzoeza kijana kufikiri kwa utaratibu na kudai sababu ya kila jambo. Nayo njia ya kufundisha ni kuanza na lijulikanalo. Tuseme mama amekopa shilingi 1,000 kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi, asilipe kitu mwaka mzima. Wengi tutasema deni ni shilingi 2,200. Lakini riba ikizaa riba, mwezi wa pili hutozwa juu ya 1,100, wa tatu juu ya 1,210, na mwisho wa mwaka deni limefika shilingi 3,138. Mwalimu mwema huwaacha wanafunzi wahesabu mwezi kwa mwezi, wabishane na kusahihishana. Ndipo awaonyeshe kanuni ifanyayo kazi hiyo kwa mstari mmoja. Kanuni iliyopatikana hivyo haisahauliki upesi, na nyumba yenye kijana huyo haidanganywi na mkopeshaji.

Wazee wetu, tusiwaambie watoto, "Hata mimi hesabu zilinishinda." Neno hilo hurithiwa upesi kuliko mali. Tena wengi wao huishi na jamaa zao katika chumba kimoja, bila meza wala utulivu. Naomba chama kiazimie kuwafungulia chumba jioni, chenye taa na ubao, na wenye ujuzi tushike zamu. Mimi najitolea siku ya Jumanne.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.