Kuagiza Magari Yaliyotumika kutoka Minada ya Japani kwa Ajili ya Kuuza

(Mada iliyowasilishwa katika semina ya waagizaji, wauzaji na wanunuzi wa magari, Dar es Salaam)



Nimeombwa nizungumzie uagizaji wa magari yaliyotumika kutoka minadani, na nitaanza na jambo lililotokea nyumbani kwetu.

Miaka michache iliyopita baba yangu mdogo alistaafu. Alichukua sehemu kubwa ya mafao yake akanunua gari dogo katika yadi moja ya hapa jijini, akusudie kulifanyia biashara ya teksi. Saa ya gari ilisoma kilomita 68,000. Kabla mwaka haujaisha giaboksi ilikufa. Tulipotafuta kumbukumbu ya mnada kwa namba ya chasisi, tukakuta gari hilo lilipouzwa Japani lilikuwa limekwisha kutembea zaidi ya kilomita 190,000. Tulirudi kwa muuzaji. Alisema, na mimi naamini alisema kweli, kwamba naye aliletewa hivyo hivyo. Alichagua kwa picha na bei, hakuwahi kuiona karatasi ya mnada. Tukatazama stakabadhi. Ilikuwa imeandikwa maneno mawili tu: "Gari moja." Hapakuwa na namba ya chasisi, mwaka wala kilomita. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Nimelitaja jambo hilo kwa sababu linaonyesha hali ya kila mwagizaji anayenunua ili auze. Yeye ni mlaji mbele ya muuzaji wa Japani, na ni muuzaji mbele ya mlaji wa hapa. Kosa asilolikagua kule, huliuza huku, hata kama hakukusudia.

Gari linafikaje mnadani?

Nchini Japani gari binafsi jipya hufanyiwa ukaguzi wa lazima baada ya miaka 3, na kisha kila baada ya miaka 2. Gharama za ukaguzi huo, pamoja na kodi na bima zinazoambatana nao, huwafanya wamiliki wengi kuuza gari likiwa bado linatembea vizuri. Magari hayo hupelekwa minadani. Japani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na usukani wake uko kulia. Ndiyo sababu soko letu limeelekea huko.

Minada hiyo ni ya wanachama. Mtu wa Kariakoo au wa Arusha haingii kununua mwenyewe. Hununua kupitia kampuni au wakala mwenye uanachama. Gari moja hupita kwa sekunde chache tu, na siku moja ya mnada mkubwa huweza kupitisha maelfu ya magari. Kwa hiyo hakuna anayepata muda wa kufungua boneti mnada ukiendelea. Wote hutegemea karatasi moja, yaani karatasi ya mnada, ambayo hujazwa na mkaguzi wa mnada kabla ya gari kuuzwa.

Jinsi ya kuisoma karatasi ya mnada

Karatasi hiyo huandikwa kwa Kijapani, lakini alama zake muhimu zinasomeka na yeyote aliyefundishwa. Kila mnada una taratibu zake ndogondogo. Hata hivyo mambo yafuatayo yanafanana karibu kote.

Kwanza ni daraja la jumla. Herufi S na namba 6 ni za gari lililo karibu na upya. Daraja 5 na 4.5 ni gari safi sana, 4 ni zuri, 3.5 lina mikwaruzo na kasoro za kawaida; 3 linahitaji matengenezo yanayoonekana; 2 ni hali mbaya. Herufi R au RA maana yake ni gari lililopata ajali na kutengenezwa katika mhimili wa bodi. Usichanganye 3.5 na R. Gari la 3.5 laweza kuwa na sura mbaya na mifupa mizima. La R laweza kung'aa huku mifupa ikiwa imeungwa.

Pili ni herufi ya ndani ya gari, kuanzia A kushuka, inayoeleza hali ya viti na dashibodi.

Tatu ni mchoro wa gari wenye alama. A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni wimbi la matengenezo, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, X ni kipande kinachohitaji kubadilishwa, na XX ni kilichokwisha kubadilishwa. Namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa: A1 ni mkwaruzo mdogo, A3 ni mkubwa.

Nne ni kilomita. Mkaguzi akizitilia shaka huweka alama au maelezo kando yake. Hapo ndipo tafsiri ya maandishi ya mkono inapokuwa na thamani kuliko picha ishirini. Hapo pia ndipo panapoandikwa kama gari liliwahi kuzama katika maji ya mafuriko. Gari la namna hiyo huweza kuwaka vizuri siku ya kwanza, kisha nyaya zake zikaanza kuoza moja baada ya nyingine. Dalili zake ni tope chini ya zulia, kutu kwenye reli za viti, na doa la maji kwenye mkanda wa kiti ukiuvuta hadi mwisho.

Ushauri wetu ni mwepesi: usilipe kabla hujapata nakala ya karatasi ya mnada pamoja na tafsiri yake kamili, na uhakikishe namba ya chasisi iliyomo ndiyo iliyo kwenye ankara.

Mwaka wa kutengenezwa si mwaka wa usajili

Hati ya Japani ya kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha gari nje huonyesha mwezi na mwaka gari liliposajiliwa mara ya kwanza. Gari laweza kutengenezwa mwishoni mwa mwaka mmoja na kusajiliwa mwaka unaofuata. Kwa mwagizaji wetu tofauti hiyo ni ya fedha, kwa sababu umri wa gari huongeza kodi.

Jirani zetu wa Kenya wameweka ukomo: gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia. Sisi hatukufunga mlango. Tumeweka ushuru wa bidhaa wa ziada kwa magari madogo yasiyo ya kazi. Kwa viwango vilivyozoeleka, gari la miaka 8 hadi 10 hutozwa 15%, na lililozidi miaka 10 hutozwa 30%.

Tuchukue mfano. Gari la injini ya cc 1,490 lina thamani ya shilingi 10,000,000 likiwa limefika bandarini, gharama za meli na bima zikiwamo. Ushuru wa forodha wa 25% ni 2,500,000, na jumla inakuwa 12,500,000. Ushuru wa bidhaa wa 5% kwa ukubwa wa injini hukokotolewa juu ya jumla hiyo, nao ni 625,000. Likiwa na miaka 9, ushuru wa umri ni 1,875,000. Sasa jumla ni 15,000,000, na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya 18% ni 2,700,000. Kodi zote hizo ni 7,700,000.

Gari hilohilo likizidi miaka 10, ushuru wa umri unakuwa 3,750,000, na Kodi ya Ongezeko la Thamani inapanda hadi 3,037,500. Kodi zote zinafika 9,912,500. Tofauti ni shilingi 2,212,500, bila gari kubadilika hata skrubu moja, na tozo nyingine ndogo hazijaingia. Basi anayenunua mwezi Novemba gari lililo ukingoni mwa umri, likafika Januari, huenda amekula faida yake yote likiwa baharini.

Viwango hubadilika kwa Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Kabla ya kununua, tumia kikokotoo cha magari yaliyotumika kilichopo kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato Tanzania. Kumbuka kwamba Mamlaka ina kanzidata yake ya thamani za magari. Kupata gari kwa bei ya kutupa mnadani hakukupi kodi ya kutupa bandarini.

Malipo, ukaguzi na bandari

Soma ankara ujue unalipia nini. Ipo bei ya gari hadi linapopakiwa melini Japani, na ipo bei inayojumuisha nauli ya meli na bima. Bei mbili za namna tofauti hazilinganishwi. Lipa kwa benki, kwa akaunti yenye jina la kampuni iliyokupa ankara. Ukipokea barua pepe ya ghafla inayosema akaunti imebadilika, piga simu kwa namba uliyoijua tangu mwanzo kabla ya kutuma hata senti moja.

Ukaguzi wa ubora husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania. Utaratibu wake umewahi kubadilika: kuna vipindi gari limekaguliwa nchi linakotoka, na kuna vipindi limekaguliwa hapa baada ya kuwasili. Uliza shirika lenyewe kabla ya kuagiza, usimuulize aliyeagiza mwaka juzi.

Mkabidhi hati wakala wa forodha mwenye leseni kabla meli haijafika. Siku za bure za kuhifadhi gari bandarini ni chache, na baada ya hapo kila siku ina bei. Gari linapotoka, likague pamoja naye, mwandike kinachokosekana, kuanzia gurudumu la akiba hadi redio, mkiwa bado getini.

Wajibu wa anayeuza, haki ya anayenunua

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kuhadaa katika biashara. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Kumwambia mteja kilomita usizozithibitisha ni kujibebesha mzigo wa maneno yako mwenyewe.

Kwa hiyo tunawaomba wenye yadi mambo matatu. Mwonyesheni mnunuzi karatasi ya mnada na tafsiri yake, hata kama daraja ni 3.5. Andikeni kwenye stakabadhi namba ya chasisi, namba ya injini, mwaka wa kutengenezwa, kilomita zilizosomeka siku ya kuuza na kasoro mnazozijua. Kama gari ni la R, semeni ni la R, na bei iseme hivyo pia. Wapo wanaohofu kwamba ukweli utafukuza wateja. Lakini mteja aliyeambiwa kasoro mapema hana la kurudi kulalamikia. Aliyefichwa hurudi na fundi, na baadaye hurudi na wakili.

Nanyi wanunuzi, msione haya kuuliza. Ombeni karatasi. Linganisheni namba ya chasisi ya kwenye bodi na ya kwenye kadi. Nendeni na fundi wenu, si fundi wa yadi. Muuzaji akisema karatasi ilipotea, mwambieni anayeweza kuitafuta kwa namba ya chasisi yupo, na mtasubiri. Mkishapatwa na tatizo, njooni na stakabadhi. Malalamiko yenye maandishi tunayafuatilia kwa urahisi kuliko yenye kumbukumbu tu.

Ndugu Mwenyekiti, baba yangu mdogo hakupata tena fedha zake. Gari aliliuza vipande vipande, na muuzaji yule alipoteza jina lake mtaani kwa gari ambalo naye alidanganyiwa. Karatasi moja, iliyokuwapo tangu siku ya mnada, ingeweza kuwaokoa wote wawili. Isiachwe Japani, na isiachwe bandarini. Isafiri na gari mpaka mikononi mwa mnunuzi wa mwisho.